Mononoke-hime: katuni iliyonifundisha historia na kunigombanisha na mwenzangu wa chumbani

Najua nimepotea. Wapo waliodhani nimedisko, kumbe wapi, ni kazi za semina tu zilinibana mpaka nikasahau hata kufua. Sasa Ijumaa usiku, bumu limeshakwisha na mjini hakwendeki bila hela, mimi na mwenzangu wa chumbani tukaamua kujifungia tuangalie muvi kwenye laptopu yake. Alikuwa nayo moja kwenye flashi, kapewa na jamaa wa mwaka wa tatu. Muvi yenyewe katuni.

Nikamwambia, "We bwana, katuni si za wadogo zetu?" Akanijibu, "Kaa chini kwanza, mtu wa historia. Hii inakuhusu." Nikakaa. Saa mbili na ushee baadaye tulikuwa tunabishana kwa sauti mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta. Ubishi wenyewe haujaisha mpaka leo, na ndio ulionifanya nikae kuandika haya. Tahadhari: nitasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo kama hupendi kuharibiwa utamu nenda kaiangalie kwanza, halafu urudi.

Inaitwa Mononoke-hime, wengi wanaijua kwa jina la Princess Mononoke. Mononoke ni roho yenye kisirani, hime ni bintimfalme. Mwongozaji ni Hayao Miyazaki wa studio ya Ghibli, na ilitoka Japani mwezi Julai 1997. Ina picha zaidi ya 140,000 zilizochorwa kwa mkono, na mzee mwenyewe alizipitia na kuzirekebisha maelfu kwa maelfu. Ilivunja rekodi ya mapato ya sinema kule kwao, ikaishikilia mpaka Titanic ilipokuja kuipiku. Ikawa pia katuni ya kwanza kupewa tuzo ya filamu bora ya mwaka katika tuzo za Japan Academy. Kwa hiyo yule anayesema katuni ni za watoto, aongee na Wajapani kwanza.

Haya, hadithi. Kijana anaitwa Ashitaka, wa ukoo wa kitemi, anaishi katika kijiji kilichojificha huko mbali kaskazini mashariki. Siku moja linatokea dude msituni, nguruwe mwitu mkubwa kama nyumba, mwili mzima unachuruzika vitu kama minyoo myeusi. Ashitaka anamuua kuokoa kijiji, lakini kabla hajafa yule nguruwe anamgusa mkono na kumwachia laana. Mkono unaanza kuoza taratibu. Bibi mganga wa kijiji anaonyesha golori ya chuma iliyokutwa ndani ya maiti. Kumbe nguruwe alikuwa mungu wa msitu wa mbali, akapigwa risasi, na maumivu na chuki vikamgeuza kuwa pepo. Bibi anamwambia Ashitaka: nenda magharibi ukaangalie kuna nini huko, uangalie kwa macho yasiyo na chuki. Kijana anakata shungi lake la nywele, anapanda mnyama wake na kuondoka usiku. Ukishakata shungi kwao umeshakufa, hakuna kurudi.

Hapo nikasimamisha muvi. Mwenzangu akakasirika. Nikamwambia ngoja, hawa watu nawajua!

Watu wa Ashitaka wanaitwa Emishi, na si wa kubuni. Walikuwepo kweli, kaskazini mashariki mwa kisiwa kikubwa cha Japani. Katika karne ya 8 dola ya Yamato, ile iliyokuja kuwa Japani tunayoisoma, ilikuwa inajitanua kuelekea kwao, inajenga ngome na kupeleka majeshi. Mwaka 789 kiongozi wa Emishi aliyeitwa Aterui aliwapiga jeshi la mfalme vibaya sana kando ya mto Kitakami. Vita vikaendelea miaka mingine zaidi ya 10, mpaka jemadari Sakanoue no Tamuramaro alipokuja na nguvu mpya. Mwaka 802 Aterui akajisalimisha pamoja na wapiganaji wake kama 500. Jemadari mwenyewe aliomba Aterui asiuawe, wakubwa wa mji mkuu wakakataa, wakamkata kichwa.

Baada ya hapo Emishi wanapotea kwenye vitabu kidogo kidogo. Wengine walihamishwa, wengine wakamezwa. Sisi tunaosoma historia tunaujua mtindo huo: mtu akishashindwa, mwandishi wa mshindi anafunga ukurasa. Sasa Miyazaki anafanya nini? Anaufungua ule ukurasa. Anasema tuseme kuna kijiji kimoja cha Emishi hakikumezwa, kikajificha milimani zaidi ya miaka 500. Halafu shujaa wa sinema yake, yule atakayekwenda kuwaangalia Wajapani wenyewe kwa wenyewe wanavyochinjana, anamtoa humo. Yaani Japani tunaiona kwa macho ya mtoto wa walioshindwa. Hiyo ndiyo iliyonishika.

Wakati wenyewe ni kipindi cha Muromachi, yaani kati ya mwaka 1336 na 1573, na dalili zinaonyesha ni mwishoni mwishoni. Wazee wa kijiji wanasema wamesikia mfalme wa Yamato hana nguvu tena na meno ya shoguni yameng'oka. Ndivyo ilivyokuwa. Vita vya Onin, 1467 hadi 1477, viliunguza sehemu kubwa ya mji mkuu wa Kyoto, na baada ya hapo kila bwana mkubwa alikuwa serikali yake mwenyewe.

Sinema nyingi za zamani za Kijapani zinahusu samurai, mabwana wao na wakulima wa mpunga. Hapa samurai wapo, lakini ni wezi tu wa pembeni. Tunawaona wakiwachinja wanakijiji. Hata majina yao hatuyajui, isipokuwa bwana wao Asano, naye hatumwoni sura. Miyazaki alikuwa msomaji wa mwanahistoria mmoja anaitwa Amino Yoshihiko, aliyefariki mwaka 2004. Amino alitumia maisha yake kuwaambia wenzake kwamba Japani ya zama za kati haikuwa nchi ya wapanda mpunga tu. Kulikuwa na watu wa baharini, watu wa milimani, mafundi, wafanyabiashara wa kutembea, wacheza ngoma, watawa waombaji, wanawake waliozunguka wakifanya kazi zao bila bwana. Hao hawakulipa kodi ya mpunga, kwa hiyo karani wa kodi hakuwaandika, na mwanahistoria aliyetegemea vitabu vya karani naye hakuwaona.

Ukishajua hilo, muvi inabadilika kabisa. Karibu kila mtu muhimu humo ni mtu ambaye karani hakumwandika.

Chukua mji wa chuma. Ashitaka anafika magharibi, anakuta ngome imezungukwa na magogo yaliyochongoka, moshi unatoka mchana na usiku, na kilima chote jirani kiko uchi hakina mti. Ni mji wa kuyeyusha chuma, na mkuu wake ni mwanamke, Bibi Eboshi. Ndiye aliyempiga risasi yule nguruwe. Ashitaka anaingia mle akitegemea kumkuta shetani. Anakuta wanawake wanacheka. Hao wanawake waliuzwa kwenye madanguro, Eboshi akawanunua akawaleta kwake, akawapa kazi na chakula. Wanakanyaga mivuo ya tanuri kwa zamu, siku 4 mfululizo, kazi ya kuua mtu, na bado wanamwambia Ashitaka huku ni afadhali mara mia kuliko kule mabondeni. Wanakula wakashiba, na wanaume hawawaonei.

Nilikwenda kusoma kidogo kuhusu chuma cha Wajapani (ndiyo, badala ya kazi ya semina, msiniseme). Mtindo wao unaitwa tatara. Wanajenga tanuri la udongo, wanamimina mchanga wenye chuma na mkaa kwa zamu, wanapuliza kwa mivuo siku 3 usiku na mchana bila kulala, halafu wanalivunja tanuri lenyewe na kutoa bonge la chuma chini yake. Tanuri moja, siku 3, halafu unajenga jingine. Mkaa unaoingia humo kwa mara moja ni zaidi ya tani 10. Sasa piga hesabu ya miti. Kule mkoa wa Shimane kuna jengo la tatara lililobaki, linaitwa Sugaya, lilifanya kazi kuanzia 1751 mpaka 1921. Na huko huko Okuizumo walifufua tanuri moja mwaka 1977, ili mafundi wa panga wasikose chuma cha asili.

Lakini hili ndilo lililonifanya nikae sawasawa: kwa mila zao, mwanamke alikuwa haruhusiwi kusogelea tanuri. Mungu wao wa chuma, Kanayago, ni wa kike, na inasemekana ana wivu na wanawake wenzake. Kwa hiyo Miyazaki aliposhika wanawake akawaweka juu ya mivuo, hakukosea historia kwa kutojua. Alivunja mwiko makusudi, akavunjiwa na Eboshi. Kuna mahali wanaume wa mji wananung'unika kwamba wanawake wanachafua chuma. Hicho si kichekesho cha mwandishi, ni mila yenyewe inaongea.

Wale wa darasani kwetu mtakumbuka mada ya chuma cha Buhaya. Wazee wa Kihaya walioonyesha wanaakiolojia namna ya kuyeyusha chuma katika miaka ya 1970, mkaa, mivuo, tanuri la udongo, na miiko. Na sehemu nyingi za Afrika mwanamke alikatazwa kukaribia tanuri, kwa sababu tanuri lenyewe lilihesabiwa kuwa kama mwanamke anayezaa chuma. Sisi na Wajapani hatukuambizana, lakini fundi wa chuma huku na kule alijua anachezea kitu kikubwa, kinachotaka heshima, na kinachokula msitu.

Turudi kwenye muvi. Eboshi anamchukua Ashitaka mpaka bustani yake ya siri. Ndani ya kibanda wamo watu wamefungwa vitambaa mwili mzima, mikono na nyuso. Wagonjwa wa ukoma. Ndio wanaomtengenezea Eboshi bunduki. Anazo bunduki kutoka China, lakini anazilalamikia kuwa ni nzito, anataka nyepesi ambayo hata mwanamke anaweza kuibeba. Mkono wa Ashitaka wenye laana unaruka wenyewe kutaka kumuua. Ndipo mzee mmoja wa kwenye mkeka, aliyefungwa vitambaa mpaka usoni, anamwomba asimuue. Anasema mama huyu peke yake ndiye aliyewahesabu kuwa watu. Aliwaosha vidonda vyao kwa mkono wake bila kuogopa.

Mwenzangu alitaka kupeleka mbele hapo. "Wanaongea sana hawa, twende kwenye mbwa mwitu." Nikamshika mkono. Baadaye nilipomweleza nyuma ya kile kibanda kuna nini, alinyamaza, na mtu huyu kunyamaza si kawaida yake.

Japani ilianza kuwatenga wagonjwa wa ukoma kwa sheria mwaka 1907. Mwaka 1931 sheria ikapanuliwa, ikawa kila mgonjwa aondolewe nyumbani na kufungiwa. Dawa zilipopatikana baada ya vita kuu ya pili, badala ya kuifuta wakatunga nyingine mwaka 1953, ya kutenga vilevile. Watu walipona lakini hawakutoka. Walibadilishwa majina ili ukoo usiaibike. Wengi walifungwa uzazi. Sheria ile ilifutwa mwaka 1996. Msome tena huo mwaka. Ni mwaka mmoja kabla ya muvi kutoka! Na mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto ikasema utengaji ule ulikuwa kinyume cha katiba, serikali ikaomba radhi.

Sasa, Miyazaki alikuwa anaishi si mbali na kambi moja ya wagonjwa hao, Tama Zenshoen, pembeni mwa Tokyo, iliyofunguliwa mwaka 1909. Mwaka 2016 alieleza hadharani kwamba wakati anahangaika na hadithi ya sinema hii alitoka kutembea, miguu ikamfikisha pale. Akaingia, akaona, akarudi tena na tena. Akaona hawezi kufanya kazi ya ovyo ovyo. Ndipo akawaingiza kwenye sinema yake, tena si kama watu wa kuonewa huruma, bali kama mafundi. Wanatengeneza silaha ya kumuua mungu.

Ndiyo maana nilimwambia mwenzangu usipeleke mbele. Miyazaki mwenyewe alishawahi kuumia kwa kukatiwa kazi yake. Sinema yake moja ya zamani, Nausicaä, ilipelekwa Marekani mwaka 1985 ikiwa imekatwa vipande vingi mpaka maana ikapotea. Mononoke-hime ilipotoka huko mwaka 1999, sharti lilikuwa moja, hakuna kukata hata kidogo. Nadhani ukimpa mtu wa haraka haraka mkasi, cha kwanza kukata ni kile kibanda cha ukoma. Si kina mapanga wala mbwa mwitu. Na ndivyo historia inavyopunguzwaga, kwa kupeleka mbele.

Haya sasa, ubishi.

Nimewaambia habari za mji. Nje ya mji kuna msitu, na msituni kuna San, msichana aliyetupwa na wazazi wake wakiokoa roho zao, akalelewa na Moro, mungu mbwa mwitu. San anawachukia binadamu na hataki kabisa kuitwa mmoja wao. Kila Eboshi anapokata miti, San anakuja usiku na kisu. Usiku pia wanakuja nyani wa msituni kupanda miche kwenye kile kilima kilicho uchi, na watu wa mji wanawafyatulia risasi. Kuna nguruwe mzee kipofu, Okkoto, anayeona ukoo wake unazidi kuwa mdogo wa umbo na mdogo wa akili, na anajua siku si nyingi binadamu watawahesabu kuwa kitoweo tu. Anaamua afadhali wafe wote kwa pamoja vitani. Mimi niliposikia hilo nilikumbuka kila tulichosoma kuhusu watu walioendea bunduki wakiwa na mikuki.

Na katikati ya msitu kuna Shishigami, mwenye mwili kama wa kulungu na uso kama wa mtu, kila anapokanyaga majani yanachipua na kunyauka. Anatoa uhai na anauchukua. Haongei hata neno moja. Mfalme kaahidi zawadi nono kwa atakayemletea kichwa chake, anaamini kitampa maisha ya milele. Eboshi anakubali kazi hiyo.

Mwenzangu anasoma mambo ya mazingira. Kwake kesi ni rahisi. "Huyu mama ni muuaji. Anamaliza msitu, anatumia maskini kama ngao. Ningekuwa Ashitaka ningeuachia ule mkono umalize kazi." Anaongea kwa uchungu, na simlaumu, mtu amekaa miaka 2 anasoma takwimu za misitu inavyokwisha.

Nikamwambia, "Na wale wanawake umrudishie nani? Wale wa kibandani je?"

"Hiyo si hoja. Kila mharibifu ana maskini wake wa kuonyesha."

Jamani, alinikamata pabaya. Kwa sababu ni kweli. Na kwa sababu kuna kitu sikuwahi kumwambia, nikamwambia usiku ule. Ada yangu yote ya sekondari ilitoka kwenye mkaa. Mama yangu aliachwa na watoto 4, hana shamba la maana, akaanza kununua magunia kwa wachomaji na kuuza kwa kopo pale pale barazani kwetu, Kilosa. Kila kopo. Vidole vyake havitakati hata siku ya sikukuu. Nyuma ya kwetu kulikuwa na kilima chenye miti, na chini yake kijito tulichooga tukiwa wadogo. Mimi nilipofika kidato cha nne kilima kilikuwa kama kile cha kwenye muvi, na kijito kinapita kwenye masika tu. Sisemi ni mama peke yake. Lakini kopo zetu zimo mle.

Kwa hiyo ninapomtazama Eboshi siwezi kumwona shetani. Namwona mama. Na ninapokitazama kile kilima siwezi kusema hakuna kosa. Mwenzangu alikaa kimya kidogo, halafu akasema polepole, "Sikumaanisha mama yako, kaka." Nikamjibu najua. Lakini ndiyo hiyo hiyo, si ndiyo?

Nafikiri Miyazaki aliuchagua wakati ule wa Muromachi kwa sababu hiyo. Ni wakati ambao bunduki zinaanza, chuma kinapanda thamani, wafalme hawana nguvu, na mwanamke aliyeuzwa anaweza kuwa na mji. Mlango uko wazi pande zote mbili. Chuma kile kile kinachomkomboa Toki na wenzake kwenye danguro ndicho kinachoingia kwenye mwili wa nguruwe na kumgeuza pepo, na pepo ndilo linalomtoa Ashitaka kwao. Huwezi kuchukua nusu moja ukaiacha nyingine. Vitabu vingi vya shule vinatupa nusu moja: ama maendeleo, ama uharibifu. Unachagua, unajaza mtihani.

Mwisho wake, Eboshi anampiga Shishigami risasi, kichwa kinaanguka. Mwili usio na kichwa unafurika juu ya nchi kama uji mweusi, kila unachogusa kinakufa, mji unaungua. Kichwa cha Moro, mbwa mwitu, ambaye naye ameshakufa, kinaruka na kuukata mkono wa Eboshi. San na Ashitaka wanakirudisha kichwa cha mungu alfajiri. Jua linatoka, Shishigami anaanguka, na kilima kinaota majani.

Mwenzangu akasema, "Si umeona? Msitu umerudi." Lakini San mwenyewe anakataa. Anasema hata kama umeota tena, si msitu wa Shishigami, yeye amekufa. Hawezi kuwasamehe binadamu. Ashitaka hamlazimishi. Yeye atakaa mjini na kusaidia kuujenga, San atakaa msituni, na watatembeleana. Hakuna harusi! Eboshi, na mkono mmoja, anasema ataanza upya na kujenga mji mzuri. Wanawake wako hai, wagonjwa wako hai. Mungu hayupo.

Kuna jambo moja nililolisoma baadaye nikamwamsha mwenzangu kumwambia. Wachoraji wa sinema hii walikwenda kisiwa cha Yakushima mwaka 1995 kuchora msitu wake, ule wenye miti ya maelfu ya miaka na mawe yaliyofunikwa ukoka wa kijani. UNESCO waliuandika kwenye urithi wa dunia mwaka 1993. Mtu akiona anasema huu haujawahi kuguswa na mkono wa mtu. Kumbe kati ya karne ya 17 na ya 19 watu wa kisiwa walikata miti mingi sana mle, wakapasua vibao vya kuezekea, wakalipia kodi kwa mabwana wa Satsuma. Visiki bado vipo, vimeota ukoka, na juu ya visiki imeota miti mingine ambayo leo ni mikubwa. Kwa hiyo ule "msitu wa miungu" aliouchora Miyazaki ulishakatwa. Ulirudi, lakini ulirudi na visiki vyake, na ukitaka kujua nani alikuwa anaishi pale na alikula nini, kisiki kitakuambia kuliko mti.

Jumapili nilimpigia mama. Sikumwambia habari za katuni, angedhani nimeacha shule. Nilimwuliza tu, kile kilima cha nyuma kilikuwa na miti gani. Akacheka kwanza, kisha akaanza kutaja. Mninga ulikuwepo, mkongo, miyombo mingi, mpingo mmoja mkubwa kule juu ambao wazee walikuwa wanaweka pombe chini yake. Alitaja mmoja mmoja na ulikuwa wapi, kama anayetaja majina ya jirani waliohama. Halafu akanyamaza, akaniuliza, "Kwani mwanangu, mnafundishwa miti siku hizi?"

Nikamwambia ndiyo mama, tunafundishwa. Nimeyaandika yale majina yote nyuma ya daftari la semina. Likizo nikienda nitapanda naye kile kilima anionyeshe mahali.

Haya wadau, ngoja nirudi kwenye kazi ya watu, kesho saa 4 asubuhi ni kuwasilisha na sijaandika hata utangulizi. Anayeitaka muvi aje na flashi yake, mwenzangu ameshakubali kuigawa. Sharti ni moja tu: hakuna kupeleka mbele.